Mraba wa Fundi Saa

Bweni la Wanafunzi,
Ghorofa ya Tatu, Chumba Na. 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako cha miguu mifupi, lenzi jichoni, umebana pumzi usije ukapeperusha skrubu. Mkazamjomba hajambo? Kikohozi kimemwachia? Na pacha, bado wanagombania nani alitangulia kuzaliwa? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mimi nina afya, ila usingizi hunijia mchana juu ya vitabu, ukaniacha na ndoto ambazo sijui nizipeleke wapi.

Nimechagua kukuandikia badala ya kukupigia simu. Simu humdai mtu jibu papo hapo. Barua hukubali kuwekwa mezani ikasubiri. Jambo ninalokuletea linastahili kusubiriwa.

Unaikumbuka tasnifu yangu kuhusu sayansi ya jenomu na jamii? Jenomu ni ule mwandiko wote wa mwili tunaozaliwa nao, nusu tumeutoa kwa mama na nusu kwa baba. Nilipoanza kuusoma nilivutiwa kama mtu anayesikia wimbo kutoka nyumba ya jirani asijue maneno yake. Mate yangu kidogo ndani ya kichupa yangeweza kunisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa! Lakini hapo hapo nikaiona hatari: mate ni yangu, habari ni za ukoo mzima.

Basi nikapaza sauti, kama ilivyo ada ya huyu uliyempa jina la Kipaza. Kwenye mdahalo wa wanafunzi nilisimama juu ya kiti. Kulikuwa na maabara iliyokusanya mate ya wafanyakazi wa kiwanda kwa malipo ya fulana na soda. Nikauliza: nani aliwaeleza? Nani aliwauliza watoto wao? Nani aliwauliza ndugu zao, ambao siri zao ziliingia kichupani bila wao kufungua kinywa? Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mjomba, nilishuka pale nikielea.

Wiki iliyofuata yalikuwa maonyesho ya tafiti zetu. Nami nikabandika bango langu kwenye ukuta wa ukumbini: mchoro wa ukoo, duara kwa wanawake, mraba kwa wanaume, na mistari kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Lilieleza presha ya macho, ugonjwa ambao sasa tunaamini ndio uliompofusha Babu, si vumbi la trekta kama tulivyosema miaka yote. Mama anaumwa ugonjwa huo, ameniruhusu nikwambie. Mimi vipimo vinaonyesha nimeirithi jeni yake, ingawa macho yangu bado mazima. Majina sikuyaandika. Niliandika kazi tu: dereva wa trekta, mpishi wa shule, mwanafunzi. Na kando ya mpishi nikachora mraba wenye alama kubwa ya kuuliza, chini yake nikaandika: fundi saa.

Nilidhani nimeficha. Katika ukoo wetu mafundi saa ni wangapi, Mjomba?

Mama Mdogo, yule tunayemwita Redio, alikuja kutazama maonyesho. Akasimama mbele ya bango, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ala! Huyu fundi saa si kaka yetu?" Watu wakageuka. "Na dereva wa trekta si marehemu baba? We mtoto, umetuanika kama nguo!"

"Lakini sikuandika majina, Mama Mdogo."

"Majina ya nini? Umebakiza kumchora kipara chake tu!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Msimamizi wangu, mama mpole asiyepandisha sauti hata akikasirika, alisubiri wakatawanyika.

"Hotuba yako ya mdahalo niliisikia," akaniambia. "Sasa fomu ya ridhaa ya fundi saa iko wapi?"

Sikuwa nayo. Mimi niliyewashitaki wengine nikiwa juu ya kiti nilikuwa nimemtundika ukutani ndugu wa mama yangu, akiwa mbali, hana habari, ana kazi yake mkononi. Nililibandua bango saa ile ile. Mama amemsihi Redio anyamaze hadi barua hii ikufikie, lakini unaijua mwenyewe betri yake. Ndiyo maana nimewahi. Unisamehe.

Tangu siku hiyo ndoto ni moja. Nasinzia maktabani, shavu juu ya karatasi, na jua la alasiri likipita dirishani najikuta dukani kwako. Saa zote za ukutani zinatembea, kila moja kwa mwendo wake. Kisha zile za pembeni zinaanza kufifia, hazisimami, zinayeyuka tu kama ukungu, moja baada ya moja, hadi inabaki ile iliyo kiganjani mwako. Nawe unaimba taratibu, hujui. Napiga kelele, Kipaza mzima, na sauti haitoki.

Ugonjwa huu, Mjomba, hula kwanza kando za kuona na kuiacha katikati iking'aa. Mama aligonga nyonga kwenye pembe ya meza miaka miwili, akituuliza nani kaisogeza. Na mtu aitazamaye dunia kupitia lenzi kutwa nzima, kando zake atazikumbuka lini?

Sijui lolote kuhusu macho yako. Najua pia kwamba kukuuliza tu ni nusu ya kukwambia. Nimetafuta namna ya kubisha hodi bila kusikika, sikuipata. Kwa hiyo nayatenga mambo mawili.

La kwanza ni ombi la mpwa. Nenda kwa daktari wa macho akupime presha ya macho. Kipimo hicho hakiulizi jeni wala ukoo, na ikigundulika mapema kuna matone yanayoweza kuichelewesha. Mama anayatia kila siku, na meza sasa haimchokozi kama zamani.

La pili ni swali la mtafiti, na hapo una haki ya kusema hapana, au kunyamaza kabisa. Je, unataka kuwemo? Usinijibu ndiyo kwa ajili ya shahada yangu. Nimekwisha kuiondoa sura ya nne ya tasnifu, ile ya ukoo wetu, na kumwarifu msimamizi; kama ni kungoja mwaka mwingine, nitangoja. Ruhusa itolewayo kwa huruma si ruhusa.

Nisalimie Mkazamjomba, umwambie leso aliyonishonea ndiyo inayofunika vitabu vyangu. Pacha wape salamu sawasawa wasije wakapimiana. Mungu ayalinde macho yako na mikono yako, na akuzidishie siku zenye nuru.

Mchoro nimeuchora upya. Wote nimewachora kwa wino isipokuwa wewe. Mraba wako ni wa penseli, ndani mweupe, na kifutio nimekiweka pembeni yake.

Nikupendaye bila fomu ya ridhaa,
mpwa wako,
Kipaza