Kiblanketi cha Mtoto wa Mbwa

Jumatatu

Binti yangu, kitinda mimba wangu,

Salamu hizi zipakate kama mtoto, maana nimezituma kwa mapenzi. Mimi mzima, ni magoti tu yanayonung'unika ninapoinuka, nami nayajibu kuwa hakuna aliyeyauliza. Wewe hujambo? Unakula? Usiniandikie "nakula" halafu ukija nione shingo kama ya kuku wa mvua. Simu ya dukani bado mbovu, kwa hiyo dereva wa gari la maziwa ndiye posta wetu. Ukimwona umshukuru.

Sasa kaa kitako. Wiki hii mama yako hana nafasi hata ya kupiga chafya. Ijumaa naletewa mtoto wa mbwa! Tangu wale wezi wavunje mlango wa nyuma silali vizuri, unajua. Basi mbwa wa fundi baiskeli wa njia panda amezaa, na katika watu wote waliomwomba, mimi ndiye niliyechaguliwa kupewa dume. Heshima hiyo. Nimeshampa jina: Askari.

Asubuhi nasokota uzi, mchana nafuma, jioni nasoma kile kitabu chako cha kulea mbwa. Nafuma kiblanketi, na unajua mkono wangu, mie sifumi vya ovyo. Nikimfumia mtoto mchanga huwa nachanganya na nyuzi za nguo kuukuu ya mama yake, asikie harufu anayoijua anyamaze. Nikasema mbwa naye ana mama. Nikamwagiza fundi aniletee manyoya ya mama mbwa niyasokote pamoja na sufu.

Kaja mikono mitupu. "Mama, yule hashikiki siku hizi. Hata chakula namrushia kwa mbali." Anasema kamfunga nyuma ya karakana, anatafuna mnyororo mpaka povu linamtoka, na usiku mzima anabweka kwa sauti iliyokauka. Nikamwambia huyo ndiye mama wa mlinzi! Mtoto wa nyoka ni nyoka. Fundi hakucheka. Mkono wake umefungwa kitambaa, eti mnyororo wa baiskeli ulimrarua.

Kitabu nimemaliza sura ya pili, peke yangu, kidole juu ya mstari. Walimu wa kisomo cha watu wazima wangeniona wangelia. Jirani muuza mkaa alinikuta nasoma, akajifanya anatafuta moto wa kuwashia. Nikamwambia kitabu kimetoka kwa binti yangu daktari. Uso ulimshuka kama ndoo iliyokatika kamba.

Ni mimi mama yako mzazi.


Jumanne

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma chumba cha kufulia, mashine zinanguruma, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Mimi sijambo. Nakula, na shingo ipo ya kutosha.

Mama, nakuomba tena. Mimi si daktari. Nafua shuka za hospitali. Kazi ya halali, sioni haya nayo, lakini siku moja mtu atakuja na mgonjwa wake akimtafuta "daktari binti wa fulani" atanikuta na beseni.

Na jambo la pili, usinikasirikie. Huyo mama mbwa simpendi. Mbwa mwenye watoto huwa mkali, sawa, lakini povu na sauti kukauka ni mambo mengine. Kabla ya kupokea mtoto mwulize fundi kadi ya chanjo, uione kwa macho yako. Na kitabu, tafadhali anza na sura ya mwisho. Ndiyo ya magonjwa. Soma hiyo kwanza, mengine baadaye.

Kiblanketi kitapendeza. Ungekuwa unafuma watu, tungekuwa wazuri zaidi.

Wako, binti yako.


Alhamisi

Binti yangu wa pekee, mwenye maneno mengi kama baba yake,

Nakusalimu tena na tena. Sisi hatujambo, na nikisema sisi elewa kwamba nyumba ina watu wawili sasa.

Askari amefika! Fundi alimleta jana, hata kiblanketi sijafunga pindo. Anasema yule mama mbwa amekufa, na watoto amewagawa wote siku moja, hataki kumwona hata mmoja pale kwake. Nilimwuliza kadi, usidhani sikumwuliza. Akasema italetwa. Nikamkaribisha chai akakataa, koo linamkaba. Muda wote alikuwa anajikuna ule mkono uliofungwa, anajikuna kama mtu aliyelalia upupu, na macho mekundu. Nikamwambia nenda kapumzike, baba, baiskeli hazikimbii. Akaondoka bila kuaga.

Mbona kitoto kizuri! Kifua hiki, miguu hii! Mtaa mzima wamekuja kumtazama, watoto wanapokezana kumbeba. Mama mmoja alisita, nikamwambia acha abebe, binti yangu daktari amesema ni mzima. Usinung'unike. Ni neno tu la kumtoa mtu wasiwasi.

Meno anayo. Nilipomvisha kiblanketi aliking'ang'ania, nikavuta, akanipata kwenye kidole gumba. Damu kidogo, nikainyonya, nikatema, basi. Jirani naye alimshika kidevu akaumwa kiganja, akapiga kelele kama amepigwa na radi. Nikamwambia paka mafuta ya taa, daktari wangu ndivyo anavyosema.

Leo amekuwa mpole. Amejibanza chini ya kiti penye giza, maziwa hajagusa, sufu yangu ameitafuna yote kisha akatafuna mguu wa kiti. Kulia kwake kumebadilika, kama mlango wenye kutu. Nadhani anamlilia mama yake.

Sura ya mwisho sijaifikia, niko ya nne, ulishaji. Mimi sirukiruki kurasa kama panzi. Aliyeandika kitabu alikuwa na sababu ya kukipanga, na mimi nimechelewa kujua kusoma, sitaki nianze kwa kudokoa.

Mama yako, mama wa Askari.


Ijumaa

Mama, shikamoo. Hii isome ukiwa umesimama.

Osha kidole chako sasa hivi. Sabuni na maji yanayomiminika, osha kwa muda mrefu mpaka uchoke, kisha osha tena. Mwite jirani aoshe kiganja. Mfungieni mbwa bila kumshika kwa mkono mtupu. Halafu mje hospitali nyote wawili. Sindano zipo, nimeziona kwenye jokofu kwa macho yangu, na muuguzi amenihakikishia zitawekwa kwa ajili yenu.

Jana jioni walimleta fundi baiskeli. Nilipeleka shuka safi kwenye chumba cha peke yake, na muuguzi alikuwa anamshikia kikombe cha maji. Alipokiona tu koo likamkaza, akatetemeka mwili wote, akakirusha ukutani. Ana kiu, Mama, midomo imepasuka kwa kiu, na maji anayaogopa kama moto. Mkewe amesema haukuwa mnyororo wa baiskeli. Mbwa wake alimuuma mwezi uliopita, akaona aibu kusema, maana alishawasifia kwa watu watoto wa mbwa huyo.

Ni kichaa cha mbwa. Muuguzi anasema kwake sindano imechelewa. Kwenu haijachelewa, lakini msingoje maumivu. Ukingoja kuumwa ndiyo umeshachelewa.

Ningekuja mwenyewe lakini tutapishana njiani. Dereva ameapa ataitia barua hii mkononi mwako. Nawasubiri getini.

Binti yako.


Jumamosi

Binti yangu, roho yangu,

Nakusalimu kwa haraka. Anayekuletea barua hii ni jirani yangu muuza mkaa. Mshike mkono, mpeleke moja kwa moja kwenye hiyo sindano, asije akageuka mlangoni. Anaogopa sindano kuliko kifo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nimeosha mpaka ngozi imenyauka. Kisha nikaenda kwake kumwambia.

"Lakini daktari wako si alisema mafuta ya taa yanatosha?" Ndivyo alivyoniuliza. Hakuniuliza kwa ubaya, mwanangu, ameniamini.

Nikamwambia binti yangu hatibu mtu. Binti yangu anafua shuka, na amefua shuka za fundi, ndiyo maana anajua. Akayatua makaa aliyoyashika. Kisha akasema, "Miaka yote nakuomba umwulizie dawa ya mgongo wangu, kumbe nimetibiwa na mfuaji!" Tukacheka, wallahi, wazee wawili wajinga. Halafu akaanza kulia, na mimi nikamshika.

Tulipanga kupanda pamoja. Dereva ana nafasi moja tu pembeni yake, nyuma ni makopo ya maziwa, lakini alisema tutabanana. Nikarudi nyumbani kuchukua shali. Askari nilikuwa nimemfungia stoo. Binti yangu, ubao wa chini wa mlango ameula. Ameula kama muhogo. Kuna tundu, na damu kwenye mbao, na kiblanketi kimebaki ndani vipande vipande.

Sijui yuko wapi. Nimeita, kisha nikajiuma ulimi, maana vipi kama akija?

Watoto wa mtaa huu wanamjua. Wakimwona watamkimbilia wambebe. Ni mimi niliyewaambia wambebe. Ni mimi niliyewaambia mama zao daktari kamwona. Siwezi kuketi garini nikapita mbele ya milango yao nimejifunika shali.

Nimevaa mabuti ya marehemu baba yako, mikono nimeizungushia magunia, nina fimbo. Napita nyumba kwa nyumba. Nimeanza kwa yule mama aliyesita mtoto wake kumbeba Askari. Nimemwambia ukweli mlangoni, na amenifungia mlango usoni, lakini mtoto amemwingiza ndani kwanza, na hicho ndicho nilichokitaka.

Usiniogopee. Kidole kinawasha kidogo tu, kidonda kinapopona huwasha. Gari la kesho nitapanda.

Mama yako.


Jumatatu

Mama, shikamoo.

Jirani yako amechomwa sindano ya kwanza. Alipiga kelele wadi nzima ikaamka, sasa amelala hapa hospitalini na anakula vizuri. Fundi amefariki jana alfajiri.

Gari la jana lilifika, hukushuka. Nikasema mama yangu ni mbishi, hajamaliza mitaa yake. La leo limefika pia. Nilisimama mpaka dereva ameshusha kopo la mwisho.

Anasema watu wa mtaani wamejifungia, hakuna mtoto hata mmoja njiani. Wanasema ulifika kila nyumba, hukuruka hata moja, na mbwa ulimpata nyuma ya nyumba ya mwisho, ukamuua kwa fimbo na kumfukia mwenyewe. Hakuna mtoto aliyeumwa. Anasema wanakutaja kwa heshima, Mama, lakini hakuna anayekubali kusogea karibu. Ulirudi kwako jioni unachechemea, mguu mmoja bila buti, nao wanadhani alikuuma tena. Tangu hapo hakuna aliyekuona. Leo alipiga honi mlangoni pako mara nyingi, mlango uko wazi, hakuna aliyetoka, naye aliogopa kushuka.

Barua hii simpi dereva. Napanda nayo mwenyewe alfajiri, kwenye kile kiti kimoja. Muuguzi ameomba ruhusa anifuate kwa gari la wagonjwa likirudi, na sindano yako nimeipakata kwenye chupa ya barafu. Nitaisoma barua hii kwa sauti mlangoni kabla sijaingia, ili ujue ni mimi.

Ukinisikia, Mama, itika. Hata kama huwezi kuinuka, itika tu.

Binti yako.