Mchoro Uliofufuka Kliniki ya Macho

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi penye mwanga mzuri, chai iko karibu, na miguu haikusumbui kama ulivyoniandikia mara ya mwisho. Macho je? Yale matone unayaweka, au umeyaficha tena nyuma ya redio? Nakujua wewe. Sisi huku wazima. Mume wangu kikohozi kimemwacha kikahamia kwa jirani, na mapacha wamerefuka mpaka suruali zao zote zimekuwa za kuvukia maji.

Usishangae ukubwa wa herufi, nitafika huko. Nina habari njema, kwa hiyo tulia, wala usiruke kurasa.

Unakumbuka nilikuambia kampuni yetu imepewa kazi na kliniki ya macho: skrini ya mlangoni ya kuchukulia namba, na ile kubwa ya ukutani inayoita wagonjwa. Mimi ndiye mchoraji. Nachora kwenye kompyuta jinsi skrini itakavyokaa, kisha fundi wetu wa programu, binti mrefu tunayemwita Twiga, anauandika mchoro uwe kitu kinachofanya kazi. Shida ilikuwa katikati yetu. Twiga alikuwa akitazama picha ya mchoro na kukisia vipimo kwa jicho. Kila skrini ilirudi na kasoro: kitufe kimeteleza, bluu imekuwa zambarau, maneno yamebanana ukingoni. Narudisha, anarekebisha, narudisha tena. Miezi miwili ikapita hivyo, tukawa tunasalimiana tumenuna.

Meneja wetu tunamwita Nafasi, kwa sababu kila mchoro anautaka uachiwe nafasi nyeupe. Akaniita ofisini kwake, wala hakunizungusha. Kliniki wamechoka kungoja. Akanipa wiki mbili: skrini zisipowaka ikifika Jumatano ya pili, kazi inahamia kwingine na meza ya uchoraji inafungwa. Meza ya uchoraji, Mama mdogo, ni mimi peke yangu na kiti changu kinacholia. Miaka kumi na tisa nimekaa pale. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, bomba nimelifungulia ili watoto wasisikie.

Kesho yake Twiga akanitajia kitu. Alisema msaidizi wa akili bandia anayemtumia kuandikia programu anaweza kuunganishwa moja kwa moja na faili zangu za michoro. Badala ya mtu kukisia, msaidizi anafungua faili mwenyewe, anasoma kila kipimo na kila rangi, kisha anaiandika skrini kama ilivyochorwa. Namwita "yeye" kana kwamba ni mtu. Ukifanya naye kazi wiki moja nawe utasema hivyo. Twiga mwenyewe hakuwa na muda wa kuhangaika na kuunganisha. Nikamwambia aniachie mimi. Alinitazama kama mtu aliyesikia bibi yake anataka kuendesha pikipiki.

Nilihangaika siku tatu. Siku ya kwanza msaidizi alinijibu kwa adabu zote kwamba haoni mchoro wowote wa kliniki. Kumbe nilimpa ruhusa ya faili la kalenda. Siku ya pili sikujua hata nilichokosea. Niliuliza kila mtu, hadi mlinzi wa mlangoni ambaye binti yake anasomea mambo hayo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku ya tatu nikamwandikia msaidizi: kitufe cha njano kina upana gani? Akanitajia namba ileile niliyoiweka kwa mkono wangu, na rangi yake, na umbali wake kutoka ukingoni. Nilisimama nikaizunguka meza mara mbili. Mimi, Mama mdogo, niliyeshindwa hesabu mbele ya macho yako.

Sasa sikia nilivyoharibu. Katika faili zetu hatufuti kitu. Mchoro uliokataliwa tunausukuma pembeni kabisa, mahali tunapopaita makaburini, kwa sababu mteja hukataa leo na kuulizia mwezi ujao. Huko makaburini kulikuwa na mchoro wangu wa kwanza wa skrini ya ukutani: namba nyeusi juu ya njano, kubwa, imejaa skrini nzima. Nafasi aliukataa, akasema unapiga kelele. Siku ile nilinuna vizuri sana, nikaubandikia humo humo kwenye faili kijikaratasi kinachosema, "Huu ndio sahihi. Mtakuja kuniambia." Kisha nikachora mwingine wa kistaarabu, wenye herufi nyembamba, nikausahau ule.

Msaidizi hawezi kujua kwamba mwenye kuandika alikuwa amenuna. Nilimpa ukurasa mzima badala ya mchoro mmoja, nikamwambia aandike skrini zilizo sahihi. Akasoma mpaka makaburini, akakuta maneno yangu, akayaamini. Tena mwishoni alitueleza ni mchoro upi aliufuata na kwa nini, ila mimi na Twiga tulikuwa tumeiwasha ile ya mlangoni, kila kitu kimekaa mahali pake, tunakumbatiana. Hatukusoma hadi chini, na ya ukutani hatukuijaribu.

Jumatano saa nne asubuhi tuko kliniki, chumba kimejaa wagonjwa, Nafasi amevaa tai. Twiga akawasha. Ya mlangoni safi. Ya ukutani ikawaka njano, na namba arobaini na mbili kubwa kama mlango wa kabati, chini yake chumba namba tano. Nafasi aligeuka akanitazama, nami nikajua meza yangu imekwenda.

Nikasema ukweli palepale: nimekosea, huu ni mchoro uliokataliwa, tutaubadilisha kabla ya mchana. Sijamaliza, mzee mmoja wa safu ya tatu, jicho moja limefungwa bandeji, akainuka. "Arobaini na mbili, ni mimi huyo," akasema, akaenda chumba namba tano bila kushikwa mkono. Muuguzi mkuu alimsindikiza kwa macho hadi mlango ukafungwa. Alituambia mzee huyo anakuja kila baada ya wiki mbili, na kila mara ni lazima mtu amfuate alipoketi.

"Hiyo mkiibadilisha tutakosana," akasema.

Nafasi alikohoa, akaiweka tai sawa, akamwambia kwamba hilo ndilo jambo tulilolitanguliza tangu mwanzo. Sikumbishia. Furaha niliyokuwa nayo ilitosha watu wawili.

Alhamisi asubuhi nilimaliza mchoro wa skrini nyingine waliyoiomba, ya dirisha la dawa, na kabla ya chakula cha mchana Twiga alikuwa ameshauwasha, bila kasoro hata moja. Ijumaa kliniki wakatia saini kwa matawi yao mengine sita. Meza ya uchoraji haifungwi, inaongezewa mtu, na anayemfundisha kuunganisha faili ni mimi. Somo la kwanza nimeliandika ubaoni: mwonyeshe msaidizi mchoro mmoja, na usome maelezo yake hadi chini. Wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi ilinipa, lakini sitaijaribu mara ya pili.

Nisalimie Baba mdogo. Mwambie yule aliyemchorea kuta za sebule kwa mkaa sasa amepata ukuta wa halali. Msalimie pia mdogo wangu Kisiki, kama ameshatoka kitandani, na shangazi wa nyumba ya pili.

Nimebakiza jambo moja. Kila mchoro kwenye faili lazima upewe jina. Siku nilipouchora ule wa namba kubwa, barua yako ilikuwa mezani kwangu, ile yenye maneno manne kwa mstari, ulipoandika kwamba siku hizi ukipunguza herufi huwezi kujisomea. Nikaupa mchoro jina lako. Msaidizi akalichukua lilivyo, na kliniki nao wakalipokea. Ijumaa nikiwa pale nilimsikia muuguzi akimwambia mwenzake, "Washa Mama Mdogo, wagonjwa wameshaingia."

Ndiyo maana nimetumia kalamu nene na kurasa zote hizi. Usimpe mtu akusomee.

Mungu akutunzie macho na miguu, na atujalie tuonane.

Ni mimi, akupendaye siku zote,
Mchafua Kuta wako