Nyuzi Nilizoomba

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Machi 2006

Mpendwa Shangazi Candida,

Shikamoo. Goti limepoa? Na mibuni ya Mbinga imepata mvua? Huku tu wazima, ila baba anakohoa kidogo. Mimi mwili mzima, lakini nimejaa hasira na sina pa kuimwaga isipokuwa kwako.

Ofisini tunapiga hesabu za kalavati, mfereji wa maji chini ya barabara mpya: maji yatapanda kiasi gani mvua ikiwa kubwa. Kila hesabu inaichukua kompyuta saa kumi na nne, na zilitakiwa thelathini kufikia kesho. Kompyuta ina bongo mbili, ila programu yetu ya zamani hutumia mmoja; wa pili umelala. Dawa ipo. Ni maktaba ya hesabu, yaani kanuni zilizokwisha kuandikwa na mabingwa, za mkato kuliko zetu, inayogawa kazi katika nyuzi, kila ubongo ukavuta wake.

Basi nikaandika maombi: "Maktaba ya hesabu yenye nyuzi nyingi." Bwana Nassibu, mnunuzi wetu, neno maktaba akaliruka. Akaja huku Kariakoo, akanunua katoni ya nyuzi za cherehani! Akaimwaga mezani kikaoni.

"Chukua, dada. Shona hesabu zako."

"Sindano je, kasahau kuagiza?" akadakia meneja.

Wakacheka mpaka machozi. Nami nikatabasamu. Hilo linaniuma kuliko kicheko chao.

Tangu kampuni ibinafsishwe, meneja anajua neno moja tu: tenda, yaani zabuni ya kazi inayofuata. Akaamua ripoti iende na hesabu tano zilizokwisha. Nikaenda intaneti kafe ya Posta, nikapakua maktaba ya bure, nikaiunganisha mwenyewe. Saa kumi na nne zikawa dakika arobaini. Zile tano nilizirudia, majibu ni yaleyale: barabara salama. Lakini kati ya zote thelathini, nane zinaonyesha maji yakivuka barabara na kuingia nyumba za watu.

Meneja hakufungua hata ukurasa mmoja. "Haraka haraka haina baraka, binti. Saini zile tano."

Haraka! Na kunisukuma nisaini nisichokiamini ni nini?

Sisaini, Shangazi. Kesho nawasilisha thelathini, ama watafute jina la mwingine. Nikifukuzwa, baba nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Wasalimie Angelina na Bryson. Mungu akupe usingizi mzuri na magoti ya kupandia mlima.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata akikasirika,
Josepha