Ulinifundisha Kuanzia Mwisho

Shangazi,

Barua hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza, nikaichana. Ilikuwa safi mno. Aya zimepangika kama za mtihani, na wewe ndani yake ukawa mtu nisiyemjua. Basi nakuandikia kwa Kiswahili changu hiki, kile ulichokuwa unakicheka ukisema nakiongea kama mtu anayeomba radhi.

Unajua mimi nina aibu kwa lugha zote mbili. Shuleni Tunduma nilikuwa nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili. Kwako Itaka tu ndiko nilikoongea, na sababu sikuwahi kukuambia. Ni kile kitanda chako cha kufumia. Ukikaa pale macho yako yako kwenye uzi, na macho ya aliye karibu nawe nayo yako kwenye uzi. Hakuna anayekutazama usoni. Ulidhani napenda kufuma. Mwanzoni nilipenda tu kutotazamwa.

Habari za huku. Dada Neema amejifungua salama, mtoto wa kike, na kwa kuwa wewe ndiye mama yake, mtoto amepewa jina lako. Nyumba nzima sasa tunakuita mchana kutwa. "Enelesi amecheua." "Nani anaenda kumfulia Enelesi?" Mara ya kwanza kumsikia Baba Mdogo akisema, "Enelesi, acha kelele, watu tunasikiliza taarifa ya habari," nilicheka, halafu nikatoka nje nikakaa nyuma ya jiko. Maana wewe hukuwa mtu wa kelele.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Baba anataka nikae Tunduma nimsaidie ofisini kwake, nizoee kazi ya kutoa mizigo forodhani. Nilikaa wiki chache. Malori yamepanga foleni mpaka kule juu, madereva wanagombana kwa Kibemba na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, na mimi kwenye kiti cha kona naandika namba za makontena. Nikamwomba Baba ruhusa nije Itaka kumsaidia Dada Neema na mtoto. Hilo la mtoto lilikuwa kweli. Ila nilikuja pia kwa sababu ya kitanda, na ndiyo maana ya barua hii.

Shangazi, wewe ulinifundisha kinyumenyume. Sijui kama ulikuwa na mpango au ndivyo ulivyofundishwa na wale masista wa misheni. Siku ya kwanza ulinipa kitambaa kilichokwisha kufumwa, ukanionyesha kusokota nyuzi za mwisho ziwe shada, kukiosha, kukianika kivulini. Nilipoweza hilo ndipo ukaniweka kwenye benchi. Ukanionyesha fremu nne zenye vitanzi vya nyuzi, na pedeli zake chini kama za cherehani. Unakanyaga hizi mbili, nusu ya nyuzi zinapanda, nusu zinashuka, kati yake panafunguka mdomo. Hapo unapitisha kile kijibao chenye umbo la mtumbwi kilichobeba uzi, unakipokea upande wa pili, unavuta chanuo kifuani, pa! Unakanyaga zile nyingine mbili. Tena.

Kosa langu lilikuwa kuvuta. Kila nikipitisha uzi nilikuwa naukaza, na kitambaa kikazidi kuwa chembamba, kikabana katikati kama mtu aliyefunga mkanda. Ulikaa pembeni unachambua mahindi, hukusema kitu mpaka nilipojisifu. Ndipo ukasema, "We mama, huyo uzi kakuibia nini? Mwachie apumue." Ukanionyesha kuulaza uzi kwa kuinamisha, kama kilima kidogo, kabla ya kupiga chanuo. Siku ile kingo zilinyooka. Sidhani kama kuna kitu shuleni kiliwahi kunifurahisha hivyo.

Kisha ukanifundisha kuunga uzi uliokatika. Kisha kuzungusha gogo la mbele ili kitambaa kisogee. Tukawa tunarudi nyuma hatua kwa hatua. Ulisema ya mwisho kunifundisha itakuwa ile ya kwanza kabisa: kutanda, yaani kupanga nyuzi za urefu zote, na kupitisha kila mmoja kwenye kitanzi chake na kwenye jino lake la chanuo. "Hiyo ukijua," ulisema, "utakuwa hunihitaji." Nilichukia ulivyosema hivyo. Halafu ile presha ikakuchukua ukiwa shambani, na mwanzo hatukuufikia.

Baada ya mazishi walikaa kugawa vitu vyako, pale sebuleni. Ilienda kwa amani. Kabati na vyombo Dada Neema. Mablanketi wajukuu wa Ileje. Baiskeli ikapata mwenyewe. Ilipofika zamu ya kitanda, watu wakatazamana. Baba Mdogo akakigonga kwa kiganja, akasema, "Hii ni mninga tupu. Mbao kama hizi zimelala na nyuzi, na mimi meza zangu za kuanikia kahawa zimeliwa na mchwa." Mtu akasema vitenge viko Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, vya kila rangi, nani atakaa kujitesa. Wakacheka, hata Baba alicheka. Hawakukudharau, Shangazi. Waliongea tu kama watu wanaoona mbao.

Nilitaka kusema naomba mniachie mimi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, nikahesabu nikisema sasa, sasa, na kila sasa ikapita. Dada Neema ndiye aliyesema. Akawaambia kuna mbeleko ulikuwa umeianza kwa ajili ya mtoto wake, ipo juu ya kitanda, asingependa ikatwe nusu. Baba Mdogo akakubali bila shida. "Sawa, huyu binti si anajua? Aimalize. Ikiisha, mbao zangu."

Mimi nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo nilivyopokea adhabu yangu, na sinia mkononi.

Unaona jinsi jambo lilivyokaa. Kila uzi niliopitisha ulinisogeza karibu na siku ya nyundo. Ile mbeleko ya bluu na nyeupe, mwendo wako ulikuwa wa kuimaliza kabla mtoto hajaanza kucheka. Mimi nilifuma polepole kama mtu mwenye jipu mkononi. Nilifuta vumbi kwenye fremu. Nilipaka nta pedeli. Nilisimama kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Dada Neema alikuwa anambeba mtoto kwa kipande cha shuka kinachomteleza, na hakuniuliza hata mara moja. Hilo ndilo lililonimaliza. Siku moja alikuja na mtoto amefungwa kwenye lile shuka, akakaa kwenye magunia, akasema bila kunitazama, "Unaogopa iishe, eh? Hata mimi. Lakini ona, huyu anakua."

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba nataka kitanda, kwamba siwezi kumwambia Baba Mdogo, na hata nikiweza atauliza kama najua, nami sijui. Najua kufuma uzi uliotandwa na wewe. Wa kwangu siwezi kuutanda.

Dada alifikiri. Akasema yeye hajui kufuma, hukuwahi kumkalisha, alikuwa hatulii. Lakini alipokuwa mdogo ulikuwa unamtuma kukushikia uzi kule nyuma, penye vile vigingi. Anakumbuka kushika tu.

Basi tukaenda nyuma tukachimbia vigingi. Nikachukua uzi wako mweupe uliobaki kwenye yale mafungu, nikawa natembea, naenda na kurudi, naenda na kurudi, Dada amekaa kivulini ananyonyesha na kuniambia niko kama mtu aliyepoteza funguo. Jioni nilikuwa na uzi wa kutosha. Nikautoa vigingini kwa furaha. Shangazi, uliporomoka. Ulikuwa nywele za kichaa. Nilikaa chini na lile rundo mapajani, sikujua wa kwanza ni upi wala wa mwisho. Nilitazama video kwenye simu, mzungu mmoja anaeleza taratibu, nikaelewa kila neno na bado sikuona ni wapi nilipokosea, maana yeye alikuwa na mtambo mwingine kabisa.

Nikairudisha ile video, tukaitazama wote wawili. Na Dada akapiga kelele. "Hapo! Ona anavyokatisha!" Akaweka mtoto chini, akasimama penye vigingi viwili vya mwisho, mikono yake ikafanya jambo ambalo kichwa chake kilikuwa kimelisahau. Uzi wa kwenda unapita juu ya kimoja na chini ya kingine, uzi wa kurudi unapita kinyume, zinakatiza katikati kama namba nane. "Mama alikuwa ananigombeza hapa. Nikiachia hapa tu, ananifukuza." Pale penye kukatiza ndipo kila uzi unapokumbuka nafasi yake. Nikarudia kazi yote. Dada akashika. Safari hii hakuachia.

Mbeleko niliimaliza siku ya Jumamosi. Nilipofika mwisho sikuchomoa uzi hata mmoja kutoka kwenye vitanzi vyako. Nilikata kitambaa mbele ya chanuo na kuacha ncha za nyuzi zako zikining'inia, zimepita kila moja kwenye njia uliyoichagua. Dada akamfunga Enelesi mgongoni kwa mbeleko ile ile, haijaoshwa bado, na mtoto akalala papo hapo. Kingo zake zimenyooka, Shangazi. Sehemu yako na sehemu yangu naweza kuzitofautisha mimi peke yangu, na nadhani wewe.

Jumatatu Baba Mdogo akaja na nyundo na msumeno. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya chanuo. Nilikuwa nafunga uzi wangu mpya kwenye ncha ya uzi wako, mmoja mmoja, ili baadaye gogo la nyuma likizungushwa, nyuzi zako zivute zangu zipite humo humo zilimopita zako. Upande wa kulia nilikuwa nimeumaliza.

"We mtoto," akasema, "si tulikubaliana ikiisha?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa unafunga nini?"

Nikafunga mafundo mengine mawili. Yeye akainama kutazama, maana unamjua, hawezi kupita karibu na kazi ya mkono bila kuigusa. Akasema, "Kwa mwendo huu utafunga mpaka Pasaka. Sogea nikuonyeshe." Akashika uzi wangu na uzi wako kwa vile vidole vyake vya kahawa, akazifunga fundo la gunia, kubwa, akalikaza kwa meno.

Na mimi, mimi Shangazi, nikasema, "Hapana, Baba Mdogo. Hilo halipiti."

Akanitazama. Nikalifungua. Sauti ilikuwa imeshatoka na haikurudi. Nikamwonyesha chanuo, nikamwonyesha tundu la kitanzi lilivyo dogo. Nikamwambia fundo lazima lilale, liwe dogo kama chawa, la sivyo litakwama na kukata uzi wa jirani. Nikamwambia naomba asikivunje kitanda. Nikamwambia sijui yote, kutanda nimejifunza juzijuzi tu kwa kukosea, kupitisha nyuzi upya kwenye vitanzi bado sijui kabisa, ila hizi nikizifunga zote sitahitaji kupitisha upya, na nitakuwa na muda wa kujifunza. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele yake tangu nizaliwe. Yeye alikuwa ameshika nyundo kwenye chuma chake, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

"Kumbe huyu anaongea," akamwambia Dada Neema aliyekuwa mlangoni.

"Anaongea sana," Dada akasema. "Wewe tu ndiye huulizi."

Baba Mdogo akakohoa. Akajaribu fundo lingine, dogo, likafunguka. Akajaribu tena, likakaa. Akalitazama kama ametahiniwa. Mwishowe akasimama, akapangusa magoti, akasema meza ya kahawa anaweza kuitengeneza kwa milunda, ile miti myembamba ya mikaratusi, haina shida, lakini magunia yake ya kahawa yatakaa humu humu chumbani, na nisije kumlalamikia harufu. Akaondoka na msumeno wake. Nyundo aliisahau, ikabidi nimkimbizie.

Baba bado sijamwambia. Nitampigia leo, kwa sauti, sio kwa ujumbe. Sijui atasema nini kuhusu forodha.

Shangazi, kuna asubuhi bado nakuja chumbani nikisubiri usogee pembeni ili nikae. Halafu nakaa tu, katikati. Benchi ni pana kuliko nilivyodhani.

Jana tulizungusha gogo la nyuma, mimi huku, Dada mbele anashikilia. Mafundo yalipita. Sio yote; machache yalikatika, nikayaunga. Moja lililokatika ni la Baba Mdogo, usimwambie. Nyuzi zako zimeshafika nyuma kabisa, zimejiviringa kwenye gogo chini ya zangu. Kuanzia hapa kila kinachotoka mbele ni changu, na kosa lake ni langu.

Pumzika, Shangazi yangu. Nakuahidi hivi: kitambaa hiki cha kwanza, vyovyote kitakavyotoka, sitakikunja nikakificha chini ya godoro kama nilivyozoea kuficha vitu vyangu. Nitakitandika mezani sebuleni siku watu wamejaa, wale wote waliocheka, na wakiuliza nani kakifuma sitamwachia Dada anijibie.

Mwanao,
Eliza