Nilikusalimia ku Televizio, Sasa Banakuita

Kapata, Kolwezi

Kwako Kambo yangu, mama ya mama yangu, bibi yangu wa kwanza,

Jambo sana kutoka mbali. Mi bwana yako niko muzima, ninakula, ninalala, na uzuri unaniongezeka kila siku mpaka kioo inachoka. Na wewe, magoti inasema nini? Ile kikohozi ya baridi ilitoka? Na ile kuku nyekundu ya kichwa mubaya, ingali inafukuza bageni? Wewe Sidonie, dada yangu mudogo, unayemusomea Kambo hii barua, soma polepole, usiruke mustari na usiongeze maneno yako. Ninakujua.

Kambo, masomo yangu iliishia primaire ya sita, lakini leo ninaandika sawa avoka wa tribinali, juu maneno iko kubwa. Ndoa yangu na Mbuyi, ule binti ninataka kuoa, niliiharibu mi mwenyewe ku televizio, mbele ya Kolwezi muzima. Mutu wa kuitengeneza ni wewe tu. Kaa muzuri, usikilize.

Jumamosi asubuhi Mama Kapinga, ule anayeuzisha bukari ya mahindi hapa Kapata, alipanda moto yangu, ile pikipiki ya kazi, nimupeleke ku televizio ya serikali. Balimuita afundishe batu kupika sombe, majani ya muhogo. Alikaa nyuma yangu na sufuria juu ya magoti, ananiambia kila kona: "Muteba, ukimwanga sombe yangu nakumwanga na wewe." Tukafika muzuri. Kiisha mvula ikaanguka. Haikukuwa mvula ya kuchezea, barabara yote ikageuka bulongo, na kila mutu mwenye balialika kwa emisio akabakia kwake. Na Jumamosi banafanya direkti, batu banaona pale pale, toka asubuhi mpaka mangaribi. Mu nyumba muzima mulikuwa bafanyakazi tu, Mama Kapinga, na mi.

Direktere akaniangalia toka kichwa mpaka bote ya miguu.

"Kijana, unaweza kuruka?"

"Tata, kwetu Kasaji nikiruka hata mbuzi inanipisha njia."

Njo vile nilianza kazi ya televizio. Ya kwanza ilikuwa jimnastiki. Mwalimu alihesabu, mi nikaruka na bote yangu ya mvula, mpaka mwalimu mwenyewe akakosa pumzi na mi nikaanza kuhesabu kwa nafasi yake. Saa ya afya, infirmier wa hospitali akanifunga ile kamba ya kupima damu ku mukono, akaambia kamera: "Angalieni mutu mwenye damu muzuri." Umesikia, Kambo? Wewe ulisema mi niko muvivu. Serikali imepima.

Kila emisio banabadilisha nguo yangu, batu basijue kama ni mutu moya. Shati ya kwanza yangu, ya pili ya mutu wa kamera, ya tatu tena yangu lakini ndani inje.

Kiisha sombe. Mama Kapinga alipika, mi nikala mbele ya kamera, na madame wa mikro akaniuliza inakuwa namna gani. Mi mutu wa kweli. Nikasema: "Inakosa chumvi." Chini ya meza Mama Kapinga akanikanyaga muguu, na juu ya meza anacheka na meno yote inje. Toka ile siku anapanda moto ya mungine.

Nyuma ya ile, balinivalisha kofia ya majani na kuniita mulimaji. Agronome, muzee mwenye kufundisha kulima, akaniuliza: "Tata mulimaji, badudu banakula mahindi yako mu gala. Unafanya nini?" Kambo, ku maisha yangu sikulima shamba ya kujaza kofia. Lakini nilisikia mudomo wangu unasema yenyewe: majivu ya moto, pilipili kavu ya kusaga, unachanganya na mahindi, unafunga, hakuna mududu atarudi. Ule muzee akatosha bic, akaandika. Akaniuliza nilisoma wapi. Nikajibu: "Ku masomo ya juu." Kumbe ile masomo ni jiko yako, na mwalimu ni wewe na ile muiko ulikuwa unanipiga nayo ku kichwa.

Hapo roho ikaniuma kidogo, juu nilivaa akili yako sawa vile nilivaa shati ya mutu wa kamera. Basi, mangaribi, direktere aliposema, "Kijana, umetuokoa siku muzima, salimia jamaa yako," nikashika mikro na mikono mbili nikasema:

"Ninasalimia bibi yangu kule Kasaji. Ile dawa ya mahindi ni yake, haiko yangu. Bibi yangu, usiuze kuku, usilale na njaa, bwana yako hakukusahau."

Jina ya Kambo sikuitaja. Nilisema tu vile ninakuitaka siku zote. Wewe unajua ni muchezo ya mujukuu na kambo. Lakini mu Kapata, Mbuyi alikuwa amejaza batu mu saloni ya baba yake toka jimnastiki: "Kuyeni muone bwana yangu wa kesho." Majirani, mama yake, bakaka, bote macho ku televizio. Na bwana wa kesho anasalimia bibi, sawa mutu mwenye aliisha kuoa.

Akanipigia simu. "Endesha moto yako mpaka Kasaji," akasema, akakata. Nikapiga tena, akakata. Kambo, ule mutoto akikasirika ni muzuri zaidi, na ile njo ilinimaliza.

Kesho yake, bakitoka misa, nikaenda mi mwenyewe kwa baba yake. Tata Mukendi alifanya kazi mu migodi miaka mingi, na kucheka kwake ni kama treni ya kwetu: inasemwa itapita, hauione. Unajua mara mbili aliniuliza mukubwa wa jamaa yangu iko wapi akuye kuposa, na mi nikazungusha maneno, juu wewe ulikataa kuya: vumbi ya Kolwezi inakula mapafu, na kuku haiachwe na batoto.

"Kaa," akasema. "Ule bibi yako wa Kasaji iko na miaka ngapi?"

"Tata, hata yeye hajue."

"Iko na meno?"

"Mbili. Moya juu, moya chini, na habakutane."

Nyuma ya mulango mutu akacheka. Nilijua ile kicheko: ni ya Mbuyi.

"Anakuitaka namna gani?"

"Akifurahi, bwana yangu. Akikasirika, panya."

Muzee akatosha miwani, akaipanguza muda murefu. "Hata sisi batu ya Kasai, mbali na Kasaji yenu, kambo anaita mujukuu yake bwana. Lakini wewe ulisema ku televizio. Majirani banauliza kama ninatoa binti yangu kuwa bibi wa pili. Sasa sikia. Ule wa kwanza akuye yeye mwenyewe, akae pa hii kiti, aniambie mbele ya batu kama anakubali mbanda, bibi mwenzake. Akikubali, tutaongea. Asipokuya, usinisalimie tena, hata ku televizio."

Kambo, sijue kama ilikuwa mudomo wake ama kivuli, lakini niliona kitu inatetemeka chini ya masharubu yake.

Basi kuya Kolwezi. Kuku, Sidonie atachunga. Sidonie, ile nyekundu ikipotea nakuya kukufunga mu gala na badudu. Ule shofere aliyeleta hii barua anarudi Ijumaa, atakuweka mbele, karibu na dirisha. Vaa kikwembe ile ya buluu, na usiseme mara moya kwamba unakubali. Mutese kidogo ule muzee.

Nisalimie mujomba wetu wa kinga, ile baiskeli, mwenye alinifundisha kuendesha na kuanguka. Nisalimie mama ya ubatizo wangu, umuambie nilionekana na shati tatu. Nisalimie na mwalimu wangu wa primaire, mwenye alisema sitafika pahali.

Ni mi bwana yako mudogo, mwenye meno yote,

Muteba

Hapa chini niliachia Mbuyi nafasi. Alikataa nisome:

Kambo, jambo. Muteba aliniambia juu ya meno, nitapika bukari laini. Ile kiti ya baba hakuna mutu anaikaa toka ile Jumapili, inakungojea wewe. Kuya, mukubwa wangu. Ni mi Mbuyi, mbanda yako ukipenda.