Nimeamkia samaki

Mwenzangu, nimetoka maabara sasa hivi. Nimeamkia samaki. Samaki!

Seli za uvimbe wa saratani wa mama walizipandikiza kwenye vifaranga vya samaki pundamilia, wajaribu dawa humo kwanza. Majibu yametoka leo. Mama tumemzika Jumapili.

Mtaalamu akaniinamisha kwenye hadubini. Kisamaki kinaonyesha mpaka ndani, na tumboni kuna doa jekundu. "Hizo ndizo seli za mama yako." Maneno yakaniponyoka: "Shikamoo, mama."

Mtaalamu akaniambia taratibu, "Dada, huo ndio ugonjwa uliomuua."

Nimeuamkia, mwenzangu. Kwa heshima zote.

Akanionyesha kingine, kilichopewa dawa ya pili. Doa limenywea, karibu liishe. Dawa ilikuwepo.

Akauliza, seli zilizobaki wazitupe au wazitunze ziwafae wagonjwa wengine? Nikasema tunzeni. Machozi hata hayaji.

Mlangoni nikageuka. "Mama, nimekwenda."