Kifua Kinabisha Hodi

Jumatatu, 3 Machi
Ukutani tena. Viganja juu ya ukuta wa kliniki, shuka taratibu, panda taratibu, kama naogopa kuuamsha. Mimi huyu, bondia ninayeogopwa Karatu nzima, nasukuma ukuta! Msuli wa kifua upande wa kushoto ulichanika mazoezini, ila haukung'oka kwenye mfupa. Hakuna kupasuliwa, kasema daktari, mazoezi yatatosha. Mchujo wa timu ya taifa ni mwisho wa Mei. Nitakuwepo. Asiyeamini shauri yake.

Alhamisi, 13 Machi
Dada Theresia, mtaalamu wa tiba ya viungo hapa kliniki, mtu wa Rhotia, kila dakika "Inauma?" Namjibu hapana. Anaongeza uzito. Inauma, ndiyo. Lakini mimi ni Mmaasai wa Malambo. Siku ya kutahiriwa sikupepesa hata ukope, ukoo mzima ukinitazama. Leo nije nilie kwa sababu ya mpira wa kuvuta? Thubutu!

Jumamosi, 22 Machi
Mambo yameharibika. Jana nilivuta mpira mgumu, nikasikia kitu kikiachia ndani. Leo kifua kimevimba, zambarau mpaka kwapani. Theresia amefura. Anasema hupanga uzito kwa majibu yangu, na majibu yangu yote uongo. Tunarudi ukutani. Msuli ukichanika tena, mchujo nisahau. Naandika hapa tu: nimeogopa. Sana.

Jumatatu, 24 Machi
Tumepatana. "Inauma" haitoki mdomoni. Nimejaribu, imekwama. Basi msuli ukianza kuvuta vibaya nitasema "hodi". Yeye atajibu "karibu" na kupunguza uzito. Wagonjwa wenzangu wamecheka mpaka mzee mmoja kaangusha mkongojo wake. Wacheke.

Jumatano, 16 Aprili
Hodi zimepungua. Nimetoka ukutani, nikaja mezani, sasa niko sakafuni. Pushapu kamili. Raha iliyoje.

Jumamosi, 10 Mei
Jana begi la kupigia, ukumbini kwetu, Theresia akinisimamia. Kocha alitaka raundi nyingine, vijana wote wametuzunguka. Kifua kikaanza. Nikasema hodi, kwa sauti, mbele yao. Kocha akatoa macho. Theresia akaitikia karibu, nikashusha glovu. Aibu ilinipata, nisijidanganye. Ila leo kifua kimetulia na nimepiga begi vizuri kuliko jana. Timu ya taifa, naja.

Jumapili, 1 Juni
Nimepita. Jana ngumi ya kushoto ndiyo iliyomaliza kazi.

Leo nimempigia mama Malambo. Akauliza habari ya kifua. Nikamwambia, yeyo, asubuhi bado kinauma. Neno limetoka hivihivi. Kisha mama akasema, kwa sauti ya chini, kwamba goti la baba linamuuma tangu mimi nikiwa mtoto. Baba hajawahi kumwambia mtu. Mama humkanda taa ikishazimwa, na wote wawili hawasemi kitu.

Wiki ijayo nitakwenda nyumbani.